Jinsi ya Kupumzika Basotu, Ukiruhusiwa

Kwanza chagua ziwa. Wilaya za Mbulu na Hanang zina maziwa ya kutosha kumchanganya mtu anayeamini ramani. Balang'da, chini ya Mlima Hanang, kwenye karatasi ni buluu. Kiangazi kikikolea unaweza kukuta uwanda mweupe na watu wakikusanya chumvi. Eyasi, magharibi mwa Mbulu, nalo ni la magadi. Tlawi, karibu na mji wa Mbulu, ni dogo, la kutazamwa zaidi kuliko kukaliwa. Linabaki Basotu: maji baridi, samaki, ndege, na shemeji yako aliyejenga huko akakupigia simu: "Njoo Jumamosi na Jumapili upumzike. Huku kimya kabisa."

Nenda. Ila fungasha kwa akili. Wa Dar es Salaam wakisikia kiangazi hubeba kaptula na miwani ya jua. Kiangazi cha huku huanza Juni, na Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi yenyewe. Upepo unapita kwenye mashamba ya ngano bila kupiga hodi popote, kwa sababu mashamba hayo hayana mti wa kuuzuia: tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, serikali ililima huku ngano ya matrekta, mashamba saba ya kama ekari elfu kumi kila moja. Usimuulize mzee wa Kibarabaig kama mradi ule ulikuwa mzuri, labda uwe na usiku mzima. Malisho yalikuwa yake, na simulizi ni ndefu kwa haki kabisa. Lete koti. Ukilisahau utapewa shuka, majirani watasema limekupendeza, nawe hutajua kama wamekusifu.

Njiani utapita Katesh. Hapo funga mdomo kidogo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaua watu zaidi ya 80. Mlima ni mzuri sana, unazidi mita 3,400, na watu wa pale wanajua kuwa ni mzuri. Huna haja ya kuwaambia huku umenyoosha simu. Baada ya Katesh lami inakuaga, vumbi linakupokea.

Sasa nyumba. "Kando ya ziwa" ni neno la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingoni, na shemeji, mtu mwadilifu, amezipima kwa kamba. Umbali huo ni mzuri kwa mandhari. Jirani wa upande wa maji, hata hivyo, ni kiboko, na kiboko aliyekasirika hukimbia kilomita 30 kwa saa. Mita 60 anazimaliza kwa sekunde saba hivi, yaani muda unaotosha kutafuta kandambili moja.

Huyu ndiye jirani wa kufahamiana naye mapema. Mchana amelala majini, masikio nje, kama mwenyekiti wa kijiji kwenye kikao kirefu. Usiku hutoka kula majani, kilo 40 hivi, na kwa maoni yake mahindi nayo ni majani. Kanuni ni moja: usisimame kati yake na ziwa. Kanuni hiyo ni rahisi kuikumbuka saa nane za usiku, gizani, ukiwa njiani kwenda chooni, wakati vijana wa mtaa mzima wanapiga madebe na kumulika tochi shambani kwa jirani. Ndicho kile kimya kabisa ulichoahidiwa.

Kuhusu kuogelea: hapana. Ukiondoa kiboko, maji yaliyotulia yenye konokono ni makao ya kichocho. Keti, tazama, vua viatu kwa ajili ya picha, vaa tena. Samaki utamla, perege wa kukaanga kwa ugali, tena mtamu. Mzee wa kifugaji aliyeketi pembeni atakutazama ukila kwa huruma ile ambayo wewe unamtazama mtu anayekula mjusi. Salimu, endelea.

Usilale sana asubuhi. Ifikapo saa moja utakuta watu tisa sebuleni, wameoga, wamevaa vizuri, wanakunywa chai ya maziwa, na hakuna hata mmoja aliyealikwa. Wamekuja kupumzika. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea: wanadhani ziwa ndilo burudani na wao ndio watazamaji. Ziwa majirani wameliona tangu kuzaliwa. Burudani ni wewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wanapona, kikombe baada ya kikombe, wakikuuliza umelipa nauli kiasi gani, umeoa, kwa nini hujaoa, na hilo koti ni la shilingi ngapi.

Ukishamaliza kuhojiwa, utajadiliwa, kwa lugha kadhaa. Hii ni heshima isiyopatikana kila mahali. Kiiraqw ni cha ukoo wa Kikushi, ndugu zake wako Ethiopia. Kibarabaig ni cha Kinailoti. Kinyiramba ni Kibantu. Na ukishuka hadi Yaeda Chini, Mbulu, wapo Wahadzabe na lugha yao ya vidoko, ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu wa uhakika. Ni sehemu chache mno Afrika ambako mtu mmoja anaweza kusengenywa kwa upana huo. Wewe jibu "saita" ukisalimiwa Kiiraqw, kisha tabasamu. Utasikia jina lako, halafu neno "mita", halafu kicheko. Tabasamu tena.

Jioni ya Jumamosi kutakuwa na pombe, na mzee wa Kiiraqw akijisikia ataanza slufay, maombi yale ya kishairi ya kutaka amani, mvua na ng'ombe, huku walioketi wakiitikia. Zima simu. Ni kitu kizuri kuliko chochote ulichokuja nacho, na sitanii. Ukiombewa wewe binafsi, inamisha kichwa, usiulize umeombewa nini.

Kuna mzee mwingine, mkimya, mwenye panga na kipande cha mti. Atakuomba usimame, akutazame kuanzia kisigino hadi bega, akunyooshe mkono, aguse kiganja chako na kusikitika. Mkubalie yote. Ni adabu.

Jumapili baada ya ibada usikubali chai ya pili. Gari la Katesh hupita wakati wa chai ya pili. Utakubali, bila shaka, maana mwenye birika ni mama mzima na anakuita mwanangu.

Jumatatu alfajiri fungua mlango taratibu. Majirani wote wako nje, wana suruali za kazi, kamba imeshafungwa kutoka mti hadi mti. Mtaro wa kumzuia kiboko unaanza leo, kila kaya na kipande chake, na chako ni mita sita. Jembe limeegemezwa ukutani. Mpini ni mpya, bado unanukia mti mbichi, na unakufika kifuani sawasawa.