Jinsi ya Kuiba Mfumo wa Hospitali Mchana Kweupe

Umetwikwa kazi ya kuleta dijitali kwenye kituo cha afya pale Katangi, bajeti ni kiduchu, na tayari unatamani kuitwa mvumbuzi. Sogea nikunong'oneze: usivumbue. Iba.

Kwanza, keti kando ya muuguzi siku ya kliniki ya wajawazito. Hesabu anaandika mama mmoja mara ngapi: kijitabu cha mama, rejista, kisha hesabu za mwisho wa mwezi. Umeshajua cha kuiba: mfumo wa kumwandika mara moja tu.

Pili, elekea Eldoret. Huko ndiko Paul Biondich na Burke Mamlin, madaktari kutoka Indiana, walikoona mwaka 2004 kwamba rekodi za wagonjwa wa VVU zimeulemea mfumo uliokuwapo. Wakabuni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ikaanza kazi 2006, na msimbo wake wakauacha wazi. Kenya ikauchukua, ikaushona upya, ikauita KenyaEMR. Hakuna aliyefungwa, leseni inaruhusu unakili, ubadili, ugawe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hii unapewa pamoja na sindano na uzi. Na KenyaEMR waweza kuiendesha kwa tarakilishi ya kituoni, hata intaneti ikipotea.

Wahudumu wa afya nyanjani waache. Serikali ilianza kuwagawia simu mwaka 2023, zaidi ya 100,000 nchini, zenye eCHIS, programu ya taarifa za afya ya jamii, nayo pia imejengwa juu ya msimbo huria. Mhudumu anaandika nyumba kwa nyumba bila mtandao, data inatumwa ukipatikana. Ukimwongezea programu ya pili, unamwibia yeye.

Tatu, mkubwa atataka sifa. Mpe! Akate utepe, apigwe picha. Wewe nawe weka rangi uzipendazo ukurasa wa mbele, roho itulie. Ila ukurasa upi ubaki na upi utupwe, aamue muuguzi.

Kitu kimoja usiguse: siri ya mgonjwa. Vijana wa programu kutoka Nairobi wakija kukusaidia, wape rekodi zenye majina ya kubuni. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini lipo pia soko la Katangi: jina la mwenye VVU likivuja asubuhi, adhuhuri wauza maembe wanalo. Mama huyo hatarudi kuchukua dawa.

Mwisho, kila kiraka ulichoshona kirudishe kwa wenye msimbo, pamoja na makosa uliyoyafanya. Muuguzi wa kituo cha Ikombe anasubiri kukuibia.