Kungoja Zamu ya Kungoja

Mtu aliyelelewa Mombasa huijua foleni kwa macho na kwa mbavu zake. Asimamapo kungoja mafuta ya taa, au kuonana na karani wa ardhi, humwona aliye mbele yake, akaijua kofia yake na kikohozi chake. Humjua aliyejipenyeza na aliyempenyeza. Na jua likipanda humwachia jirani kikapu kimshikie nafasi, akaenda zake kunywa maji. Hata dhuluma ya foleni ile ina insafu kidogo, maana hutendeka hadharani na mtu hupata nafasi ya kuitukana. Lakini foleni niliyoikuta Marekani, nilipohamia na ahali zangu katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, na kodi ya nyumba ikaanza kuula mshahara wangu kabla sisi hatujala, ilikuwa ni foleni ya ghaibu, isiyo na kichwa cha kuonekana wala mkia wa kushikwa. Na siku nilipokwenda kuitafuta ili nisimame nyuma kabisa kwa unyenyekevu wote, niliambiwa kwamba na huko nyuma pia pamefungwa.

Aliyeniambia alikuwa binti wa dirishani, mwenye adabu nyingi na kucha ndefu za rangi ya zambarau, ambaye kwa ukucha mmoja aligonga kioo mahali palipobandikwa karatasi isemayo kwamba orodha ya waombaji wa nyumba za msaada imefungwa, na tarehe ya kufunguliwa haijulikani. Nikamwuliza kama ingewezekana niache jina langu, ili siku orodha itakapofunguliwa niarifiwe. Akafikiri kidogo, kisha akanijibu kwamba majina ya watu wanaongojea orodha ifunguliwe nayo yangekuwa orodha, na orodha imefungwa. Naamini hata wanavyuoni wa mantiki wangelikubali jibu lile, na mimi nililikubali, nikatoka.

Siri yake nilikuja kuelezwa na mkutubi wa maktaba ya mji, mama mtu mzima aliyekuwa na subira kuliko kompyuta zake. Msaada wenyewe, ambao wenyeji huuita Seksheni 8, ulitiwa katika sheria mwaka 1974, zama za Rais Gerald Ford: mwenye pato dogo hupewa vocha, akatafuta nyumba kwa mtu yeyote aliye radhi kuipokea, akalipa takriban asilimia 30 ya pato lake, na serikali ikamlipa mwenye nyumba baki yake kwa kadiri iliyowekwa. Jambo jema, wala sina neno. Ila msaada wa chakula humfikia kila atimizaye masharti akiuomba, ilhali huu wa nyumba hukatiwa fungu na Bunge kila mwaka, na fungu likiisha limekwisha. Ndiyo maana katika kila nyumba nne zinazostahili kusaidiwa kodi, ni kama moja tu ipatayo. Hizo tatu zilizobaki ndizo orodha. New York waliifunga yao mwishoni mwa mwaka 2009, wakaifungua Juni 2024 kwa muda wa juma moja, yakaingia maombi 633,000, nayo yakapigiwa kura ili yateuliwe 200,000. Na walioteuliwa hawakuteuliwa kupewa nyumba, waliteuliwa kungoja. Huko East Point, katika jimbo la Georgia, mwaka 2010, watu wapatao 30,000 walijitokeza katika joto la Agosti, wengine wakazimia, kwa ajili ya kuchukua fomu.

Basi yule mama akanipa shauri ambalo lilinigeuza kuwa mwanajiografia katika umri wa watu kuacha shule. Sheria, alisema, haimlazimu mtu kuomba mahali anapokaa; ziko ofisi zaidi ya 2,000 katika nchi nzima, kila moja ina orodha yake na hiari yake ya kuifungua, nami niombe popote penye upenyo, na kuomba ni bure, yeyote atakayetaka fedha kwa kazi hiyo ni mwizi. Tangu siku hiyo ramani ya Marekani ikatandikwa juu ya meza yetu ya chakula, na sahani zikawekwa juu ya Texas. Palipofunguliwa Alabama, niliomba. Palipofunguliwa mji mmoja mdogo wa North Dakota, niliomba, ijapokuwa mke wangu, aliyekwisha sikia habari za baridi ya huko, alitaka kwanza nimhakikishie kama nazi hupatikana. Sikumwambia mapema kwamba mgeni apataye vocha ya mji asiokuwa mkazi wake huweza kulazimishwa kukaa huko miezi kumi na miwili kabla ya kuruhusiwa kuihamisha. Kuna habari ambazo hungoja baada ya chai.

Fomu zenyewe zilikuwa mtihani. Sisi watu wa pwani huitwa kwa jina letu, la baba na la babu; kwa hiyo, katika nafasi ya jina la ukoo, mimi nilijaza jina la babu yangu, watoto wangu wakapata la baba yangu, na mke wangu akashika la babu yake, kama ilivyo haki. Kompyuta ikaona koo tatu zisizojuana zimekaa chini ya paa moja. Karani wa mji mmoja alinipigia simu akaniuliza kwa upole kama yule mwanamke ni mpangaji wangu, na kama ndivyo, hunilipa kiasi gani. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema deni lipo, ila linadaiwa upande wa pili, kwa kuwa nusu ya mahari yake bado. Nikafasiri maneno hayo kama yalivyo, maana niliogopa adhabu ya kuficha habari, naye karani akataka kujua kama fedha hizo zikilipwa zitahesabiwa kuwa pato. Jirani yetu wa Bukavu hali yake ilikuwa bora kidogo: nyumbani kwake ukoo ulikuwa mmoja, ila yeye, mkewe na mama mkwe wake wote, kwa mujibu wa karatasi walizoandikiwa katika kambi ya wakimbizi, walizaliwa tarehe 1 Januari, na mashine ilishikilia kwamba mama mkwe ni pacha wa mtu.

Likazuka na la dini. Mzee mmoja wa Lamu, tunayeswali naye Ijumaa, alisikia kwamba nyumba hizi hutolewa kwa bahati nasibu, akanishika mkono baada ya sala akaniuliza, “Mwanangu, hii si kamari?” Nilimweleza kwamba hakuna kitu nilichoweka wala nitakachopoteza, ni kura tu. Akatua kidogo, kisha akasema kura ina asili, kwani Nabii Yunus alipigiwa kura chomboni. Ila akanikumbusha kwamba yule aliyeangukiwa na kura ndiye aliyemezwa na samaki. Nilikuwa nimekwisha kaa kimya aliponiongezea kwamba, hata hivyo, ndani ya samaki kodi hailipwi.

Hatimaye ikaja barua ya pongezi kutoka mji ambao hata haukuwa mbali sana nasi: jina langu limetokea katika kura, na nimeingizwa rasmi katika orodha. Mke wangu alipika pilau. Majirani walikuja kutupa mkono, na yule wa Bukavu akaleta soda, akauliza tunahama lini. Nikamweleza kwamba hatuhami, tumepata ruhusa ya kungoja, naye, aliyekaa kambini miaka mingi na anayefahamu daraja za kungoja kuliko mimi, akasema hilo ni jambo kubwa na akajiongezea pilau.

Tangu hapo kila baada ya muda hutujia barua ya kuuliza kama bado tunaihitaji nyumba, na kutuonya kwamba tusipojibu kwa wakati tutafutwa, jambo ambalo husababisha mke wangu anifuate hadi posta kuhakikisha kwa macho yake kwamba bahasha imeingia kisandukuni. Ya mwaka huu ilijazwa na mwanangu mkubwa, ambaye tulipomwandika mara ya kwanza alikuwa hajajua kushika kalamu, na sasa ana ndevu na leseni ya gari. Alipofika penye swali la mabadiliko ya watu wa nyumbani aliinua uso akaniuliza kama, kwa kuwa anakusudia kuoa, hawezi kuomba nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia anaweza, inshallah, orodha itakapofunguliwa.