Muulize Shangazi Sindano: Shingo Yenye Mawimbi na Masaibu Mengine

*Shangazi, nafuma sweta yangu ya kwanza. Mbele na nyuma nimemaliza, mabega nimeyaunga. Lakini nikiokota vitanzi vya shingo, mkanda unafanya mawimbi. Nisaidie.*
*— Mawimbi Shingoni, Makete*

Mwanangu Mawimbi, mficha uchi hazai. Umefanya vyema kuniandikia mimi, maana yule mwenzangu wa safu ya kilimo angekwambia utie mbolea.

Kabla sijakujibu, ni haki yako kujua unaongea na nani. Mimi ndiye niliyefuma mkono mzima wa sweta nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Gongo la Mboto, jioni ya watu kutoka kazini, na hakikuponyoka hata kitanzi kimoja. Konda hakunidai nauli. Alizitazama sindano, akanitazama usoni, akaenda kudai watu wa nyuma. Leo hii kila mama mwenye kikapu cha nyuzi anayepishwa kiti njia ile, amekalia heshima yangu. Wapo wanaouliza, Dar es Salaam na joto hili sweta ya nini? Fundi hangoji baridi imtume.

Haya, shingo yako. Umeokota kitanzi kwenye kila mstari, sivyo? Najua. Wewe ni mwadilifu, na uadilifu ndio uliokuponza. Kitanzi, mwanangu, ni kipana kuliko kimo chake. Chukua uzi wa unene wa kati, fuma kipande, weka rula: katika sentimita 10 utahesabu vitanzi kama 22 kwenda upande, lakini mistari kama 30 kwenda juu. Sasa wewe umeokota 30 mahali panapotosha 22. Lazima vigombane kama ndugu waliorithi kiwanja kimoja.

Dawa: pembeni mwa shingo, pale mistari inapopanda, okota kwenye mistari mitatu, ruka wa nne. Mitatu, ruka. Mitatu, ruka. Ila pale katikati ulipofunga vitanzi, mbele na nyuma, okota kimoja kwa kimoja. Na kama kazi yako ni ya vituta, ile ya kufuma usoni kila mstari, basi okota kimoja kwa kila kituta.

Kama hutaki kufumua, iko dawa ya pili: acha mawimbi yako na useme ndivyo ulivyokusudia. Wakubwa wa Uingereza enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza walivaa shingoni makunyanzi makubwa kuliko yako, tena yaliyopigwa wanga yakakakamaa, na hakuna aliyewacheka. Malkia huyo huyo, kama hadithi inavyosimuliwa, alimnyima William Lee hati ya mashine ya kufumia soksi aliyoibuni mwaka 1589. Angeniuliza mimi, ningemshauri ampe kijana hati yake, kisha yeye mwenyewe apunguze kola. Lakini mabingwa hatuulizwi kwa wakati.

*Shangazi, mama mkwe anasema mkono wa sweta ufumwe peke yake kisha ushonewe. Mimi nataka kuokota vitanzi kwapani niteremke nao. Sweta ni ya shule ya mwanangu. Nani yuko sahihi?*
*— Mkazamwana, Limuru*

Binti yangu, kwanza mwamkie mama mkwe. Mwambie Shangazi Sindano anamheshimu sana, na kwamba yuko sahihi. Kisha funga mlango, usome yanayofuata.

Wewe ndiye uliye sahihi zaidi. Wavuvi wa pwani za Uingereza na kile kisiwa cha Guernsey walivaa sweta nzito za sufu ambazo mikono yake iliokotwa begani na kufumwa kuteremkia kiganjani. Kisa? Kamba na maji ya chumvi vilikula ncha za mikono kwanza. Kufumua huenda kwa urahisi kuanzia pale ulipomalizia, kwa hiyo mke wa mvuvi aliifumua ncha iliyolika, akafuma mpya, na baba watoto akarudi baharini. Mtoto wa shule naye ni mvuvi wa aina yake: ncha za mikono atazilamba, atazivuta, atazifutia ubao. Tena ataendelea kurefuka. Ukiwa na mikono ya kuokotwa, mwakani unafumua pindo, unaongeza sentimita chache, unaokoa bei ya sweta mpya.

Nasikia Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, alijipatia sifa kwa kuhubiri sweta zisizo na mishono, na mwaka 1971 akachapisha kitabu chake *Knitting Without Tears*. Simwonei wivu. Nilikuwa na mawazo yale yale, ila muda wote mikono yangu ilishika sindano, nani angeshika kalamu?

Namna ya kuokota ni hii. Upande wa nje wa sweta ukutazame. Usichome kwenye ule uzi mmoja wa ukingoni kabisa, huo utavutika uache matundu kama wavu. Ingia ndani kitanzi kimoja kizima, pitisha ncha ya sindano, zungushia uzi mpya, uuvute utokeze usoni. Hicho ni kimoja. Tumia sindano nyembamba kidogo kuliko uliyofumia mwili. Na kabla hujaanza, ligawe kwapa mafungu manne sawa kwa pini, ili usijekuta mbele umebanana na nyuma kumebaki uwanja wa mpira. Huna pini? Tumia vibanio vya nguo. Huna vibanio? Ita mashemeji wanne, kila mmoja ashike robo yake, na atakayecheka asipewe chai. Njia hii nimeijaribu. Sweta ilitoka safi, ukoo haukupona.

*Shangazi, shingo yangu ni ya V. Pembeni kuna matundu mawili, halafu sweta haipiti kichwani.*
*— Kichwa Kikubwa, Lushoto*

Mpenzi, usijitukane, kichwa chako ni cha kawaida. Matundu nitakueleza kwa kirefu, ila kwanza nikusimulie siku niliyoalikwa kutoa mada mbele ya mafundi cherehani, wakasimama wote kunipigia makofi kabla sijafungua kinywa, na baadaye mwenyekiti akaniomba...

Mhariri ananiambia nafasi imekwisha. Wivu huu! Basi harakaharaka: usiokote ndani ya tundu lenyewe, okota kando yake palipokaza, ongeza kitanzi kimoja hapo, na mzunguko unaofuata ukifume pamoja na jirani yake. Mkanda ufume viwili usoni, viwili kinyume ili uvutike, na jumla ya vitanzi igawanyike kwa nne. Wakati wa kufunga, chukua sindano nene zaidi, ulegeze mkono. Ukikaza hapo, hata kichwa cha kuku hakitapita.

Wiki ijayo tutashughulikia visigino vya soksi. Barua za pongezi zitangulie, za maswali zifuate, na anayetaka kuniletea vitambaa vya makochi nimkosolee, aje na soda.