Jiko Lenye Njaa Kuliko Mlaji

Chakula na mkaa hubeba kitu kilekile, yaani nishati, ila kila kimoja kina kipimo chake cha kuringia. Chakula huhesabiwa kwa kilokalori, mkaa na gesi kwa megajuli, umeme kwa kilowati-saa. Kilokalori 1 ni kilojuli 4.184, kilowati-saa 1 ni megajuli 3.6, sawa na kilokalori 860. Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Aibu ndiyo inaanzia hapo.

Mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku hupata megajuli 8.4 hivi. Angekuwa jiko, angeshiba kwa mkaa usiofika gramu 300. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nao una karibu kilokalori 66,000, posho yake ya mwezi mzima na ushee, ingawa hakuna mtaalamu wa lishe anayeupendekeza.

Maharage makavu, kilo moja, yana megajuli 14 hivi. Kilo ya mkaa ina kama 29. Mpishi anayeyabandika bila kuyaloweka, sufuria wazi, hadi kilo nzima ya mkaa ikaisha, amelilisha jiko mara mbili ya alivyoilisha familia. Na sehemu kubwa ya joto hilo imeotwa na ukuta, pamoja na paka wa jirani. Halafu huyohuyo hulalamika kwamba watoto wanakula sana.

Basi maharage yalowekwe tangu usiku, na sufuria ifunikwe.