Mlio wa Bei Ghali

Kwa miongo mingi, beringi za mhimili wa pedali za baiskeli zilikaa ndani ya vikombe vyenye hesi, vilivyofungwa kwenye fremu kwa spana. Kwa kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia hukazwa kinyume, kwa kuwa mzunguko wa mhimili huelekea kukilegeza chenye hesi ya kawaida. Waitaliano, walioweka hesi ya kawaida pande zote mbili, wanalijua hilo. Tatizo lilikwisha, ndipo wataalamu wakaja kuliboresha. Hesi ikafutwa, beringi zikashindiliwa kwenye tundu tupu la fremu, na mnunuzi akaambiwa kapunguziwa uzito. Kiwanda kilichopunguziwa gharama hakikutajwa.

Watetezi watasema mfumo huo hauna kosa, mradi tundu lichongwe sawasawa. Kweli kabisa, hata chandarua kilichotoboka kinafaa, mradi mbu wawe na adabu. Usahihi unaotakiwa ni wa sehemu ndogo mno za milimita. Tundu likipishana kidogo tu, beringi hucheza, na baiskeli yenye bei ya pikipiki hulia kila mguu unapokanyaga. Wengine watajibu kwamba hesi nazo hushika kutu. Hushika, ila kopo la grisi ni rahisi kuliko fremu mpya. Mwaka 2015 ikazinduliwa T47: tundu pana lenye, ajabu ya Mungu, hesi ndani yake. Ikashangiliwa kama uvumbuzi, na kwa haki, maana anayetaka kuuza hesi mara mbili sharti kwanza aiondoe.