Injini Mpya, Silensa Hakuna

Magunia 14 ya mpunga, jirani. Kumi na manne! Msimu mzima nimefukuza ndege shambani mpaka sauti ikakauka, halafu yote yakaishia kwenye injini ya Spacio. Ilikuwa inakunywa oili kuliko ninavyokula wali. Nyuma moshi wa bluu. Nikipita, wenye baiskeli wanashika pua, na baiskeli za Ifakara unazijua zilivyo nyingi, kwa hiyo nusu ya mji ilikuwa inanitukana kimoyomoyo.

Fundi akasema injini ishuke. Ikashuka. Nilipoikuta imetandazwa kwenye turubai chini ya mwembe nilitaka kulia, ilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Pistoni ringi, beringi, gasketi, vyote vikaagizwa Gerezani, Dar, vikapanda basi, vikapita Mikumi, vikapita Kidatu, vikafika na vumbi lao. Siku ya kumi injini ikapandishwa, ikapigwa stata, ikawaka papo hapo. Imetulia. Moshi hakuna. Nikamkumbatia fundi na shati langu la kanisani, grisi mpaka leo haijatoka. Akaniambia, "Mzee, itembeze taratibu kwanza. Na humu ndani usiguseguse kitu."

Nikasema sawa. Jioni nikafungua boneti nyumbani majirani waone, nikaipangusa injini kwa kipande cha kanga mpaka ikang'aa, nikalala.

Asubuhi ilikohoa kidogo. Nikasema ni baridi. Baridi, Ifakara! Nikafika Kibaoni, nakanyaga breki kumpisha mama mwenye beseni, imezima. Nawasha. Inawaka, inatetemeka kama mtu mwenye malaria, nikiinua mguu, imezima. Nikikanyaga mafuta, nzima kabisa. Nikiachia, marehemu. Yaani gari inataka kwenda tu, kusimama haitaki. Sasa pale Kibaoni utaachaje kusimama? Nyuma honi. Bodaboda wananipa pole kwa sauti ya kufurahisha abiria wao. Nikaita vijana wanne wasukume tuistue. Wakasukuma. Wakasukuma tena. Jasho linawachuruzika, mimi ndani nimekaa kama mheshimiwa, mpaka mmoja akachungulia dirishani, "Mzee, hii si otomatiki?"

Nikajibu ndiyo, kwa fahari kabisa.

Akakaa chini palepale barabarani. Kumbe otomatiki hata uisukume mpaka Mlimba, haiwaki. Ningejuaje? Nikanunua soda nne, nikanywewa zote na bado nikasemwa.

Fundi wangu naye alikuwa ameshaondoka kwenda Malinyi kwenye trekta la watu, simu haipatikani. Nikampata mwingine, akainamisha sikio, akasema, "Mzee, silensa hakuna." Nikatikisa kichwa kama msomi. Mimi silensa ninayoijua ni lile dude la eksozi kule chini. Nikaenda kwa mchomeleaji, nikamwambia silensa imekufa. Akaniangalia mimi, akaangalia noti, akachomelea. Sasa gari ikawa inazima vilevile, ila kwa heshima, bila kelele. Ndipo nikaambiwa kwamba kwa mafundi silensa ni injini kuunguruma yenyewe wakati hujakanyaga mafuta. Si wangesema tangu mwanzo?

Nikabadilisha plagi zote nne. Wapi. Filta. Wapi. Mmoja akasema pampu ya petroli, mwingine akasema petroli yenyewe ina maji, muuza genge akasema kuna mtu ananionea kijicho. Kijicho cha nini, jamani, na gari inayozima kila ng'ombe akipita?

Mdomo wangu nao haukulala. Gengeni, kwenye kahawa, mashineni kwenye foleni ya kukoboa, nilimtangaza yule fundi. Tapeli. Kala magunia 14. Kaniuzia injini ya kwendea tu.

Halafu ikaja Jumamosi ya mama mkwe. Nimemfuata Lupiro, yuko kiti cha nyuma na jogoo wake na ndoo ya kambale. Nimejifunza kuendesha kwa miguu miwili, huu breki, huu mafuta, natoka jasho kama mpiga ngoma. Tukapanda Daraja la Magufuli. Mita 384, nimezihesabu kwa nyayo. Katikati, mbuzi watatu. Mguu ukakosea. Imezima, na safari hii hata stata imegoma, betri imechoka. Nikashuka kusukuma. Nikasikia uzito umepungua, nikageuka. Mama mkwe kashuka, kajifunga kanga kiunoni, anasukuma upande wa pili. Hakusema kitu mpaka tulipofika ng'ambo. Akafuta uso, akatazama mto, akasema, "Mkwe wangu, enzi za pantoni tulivuka tumekaa."

Jumatatu fundi akarudi. Nilimwendea na hotuba nzima, nimeipanga tangu usiku. Hakunijibu. Akafungua boneti, akawasha, akasikiliza. Kuna kamlio, sss, kama chai inayotaka kuchemka. Akapeleka kidole gumba kwenye mpira mwembamba nyuma ya injini, akaziba. Injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Akaondoa kidole. Ikafa.

"Mzee, kijiti kiko wapi?"

Kijiti! Jirani, mwili ulikufa ganzi. Ule mpira zamani ulikwenda kwenye kikopo cha kunasa mvuke wa petroli. Kikopo kiling'olewa kabla sijaijua hiyo gari, mtu akauziba kwa kijiti kilichovalishwa tyubu ya baiskeli, na fundi wangu aliporudisha injini akakirudisha palepale. Nami jioni ile ya kanga nilikiona. Nikasema, fundi gani huyu anaacha takataka kwenye injini mpya? Nikakichomoa. Nikakwangulia tope kwenye kiatu. Nikakitupa mferejini.

Fundi akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgeni njia. "Mashineni mpunga wako si unapimwa mlangoni? Na hewa ya injini inapimwa mlangoni, kuna sensa, petroli inamwagwa kwa kipimo hicho. Wewe umefungua dirisha la nyuma. Hewa inaingia haijapimwa, petroli haitoshi. Ukikanyaga mafuta, ya mlangoni inakuwa nyingi, ya dirishani haionekani. Ukiachia, ndiyo inatawala."

Akavunja kijiti cha mwembe, akakichonga, akakivalisha tyubu, akakigongomea. Nikauliza bei gani. Akasema bure. Ila habari za mashineni zimemfikia mpaka Malinyi, kwa hiyo nikitaka tuendelee kusalimiana, nizunguke kote nilikopita niwaambie watu ukweli.

Nikazunguka. Gengeni walicheka. Kwenye kahawa wakaniomba nirudie pale pa kukwangua kiatu. Mashineni nilikuta habari imeshafika, na wameiongezea chumvi, eti nilikitafuna kijiti.

Leo asubuhi nimesimama Kibaoni, gari inaunguruma yenyewe, silensa tele, naona raha. Katoto ka shule kakavuka mbele yangu na begi lake, kakainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo Babu Kijiti."

Ningefanyaje? Nikaitikia marahaba.