Bawa la Kulia

Asubuhi ile bata mzinga wa mama mkwe alitoka bandani akiyumba, na kabla chai haijachemka majirani walikuwa wameshapata maelezo. Bawa lake la kushoto lilikuwa zima. La kulia lilikuwa limekatwa manyoya yote marefu ya mwishoni, vikabaki vishina vifupi vilivyojipanga kama meno ya kitana. Hakuna damu wala mchubuko. Mwizi angemchukua mzima, na nguchiro angeacha kichwa na miguu. Basi ni nani huyo anayeingia bandani usiku, akamshika ndege mkubwa kiasi kile bila kelele, akachukua bawa moja na kuliacha la pili? Bibi jirani, aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, alilitamka polepole ili sote tusikie: huo ni mkono wa mtu, na mtu huyo hatafuti kitoweo.

Bata yule hakuwa wa kuliwa siku yoyote tu. Mama mkwe alimnunua akiwa kifaranga sokoni Manundu, akamlea kwa pumba, dagaa na mchicha uliokatwakatwa, kwa ajili ya harusi ya wifi yangu. Alipangiwa kwenda Handeni kwa wakwe watarajiwa, mzima, na utepe mwekundu shingoni. Mama mkwe ni Mzigua wa huko huko Handeni na anawajua watu wake. Ukiwapelekea ndege mwenye bawa moja, watauliza la pili limebaki kwa nani, na swali hilo litamfuata bibi harusi mpaka awe na wajukuu.

Mimi niliujua ukweli kabla jua halijawa kali. Binti yangu, anayesoma darasa la tano, alinifuata jikoni, akasimama karibu na mafiga, akasema, "Mama, babu alinishikisha tochi."

Chanzo kilikuwa shule. Mwalimu wao alikuwa akiandaa mchezo wa kuja kwa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ngulu akapanda Usambara, akawagawia watu nyama ya nguruwe pori mpaka wakamtawaza Vugha. Habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, na huku Korogwe ni vigumu kumpata mzee asiyekuwa na kipande chake cha kuongeza. Mwalimu alitaka watoto wengi wapate nafasi jukwaani, kwa hiyo Mbegha akapewa wenzake wa kuwinda nao, na mmoja wao awe na upinde na mishale sita. Mwanangu wa kwanza akajitolea kuileta. Alikuwa na fito sita za mti wowote mawazoni mwake.

Baba mkwe alimsikia. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa Tanga na SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, miaka ya 1950 kuja kukata mkonge mashamba ya Ngombezi, akaoa Mzigua, akabaki. Nyumbani kwao upinde haukuwa kitu cha mchezo. Ndugu zake walioachwa huko walishika pinde na mishale tena miaka ya 1980, wakati sungusungu walipowafuata wezi wa ng'ombe porini usiku. Akamwita mjukuu wake barazani. "Mshale usio na manyoya," akamwambia, "ni kijiti kinachorushwa. Hakitajua kinakokwenda." Kuanzia jioni hiyo kazi ikawa yake.

Mawano hayakumsumbua. Alikata fito za mkole, akazimenya, akazikausha kivulini, akawa anazipitisha juu ya makaa na kuzinyoosha kwa mkono mpaka zikatulia. Mbele aliacha kifundo butu cha mti badala ya chembe cha chuma, kwa sababu ni mchezo wa watoto. Nyuma akachonga ufa wa kupachikia uzi. Shida ilikuwa manyoya.

Mjukuu alianza na kuku. Alirudi kutoka sokoni, pale wanaponyonyolea kuku, na mfuko umejaa. Baba mkwe alimwaga mfuko mkekani, akayapitisha manyoya moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Mengi yalikuwa ya kifua na ya mgongo, laini, yasiyoweza kuzuia upepo. Ya mbawa yalikuwepo, lakini mafupi, na ya kuku wengi waliochanganyika. Hata hivyo aliyafunga kwenye mshale mmoja, mtoto aone kwa macho yake. Mshale uliondoka, ukapepesuka, ukaanguka kiubavu kwenye matuta ya viazi.

Nilikaa nao siku hiyo nikichambua mchele, na nikashukuru kwamba nilikaa, maana sikuwahi kufikiri kwamba kuna elimu kubwa hivyo nyuma ya mshale. Ukiuachia uzi, mshale hauondoki ukiwa umenyooka. Uzi unausukuma kutoka nyuma, wano linapinda, linapita ubavuni mwa upinde likitetemeka. Kazi ya manyoya ni kuishika hewa huku nyuma, ili mkia ubaki mkia na kichwa kitangulie. Yakifungwa na kulala kidogo upande mmoja, mshale unazunguka unapokwenda, na kule kuzunguka kunafuta kasoro za fito ambayo haikunyooka sawasawa. Hakuna fito ya porini iliyonyooka sawasawa. Ndiyo maana baba mkwe alikuwa mkali juu ya manyoya kuliko juu ya mti.

Shemeji yangu, anayeendesha bodaboda, aliona tunajichosha. Alikata chupa ya maji vipande vitatu vya pembetatu, akavibandika kwa gundi kwenye wano moja wakati baba mkwe amelala mchana, akasimama mlangoni mwa uwanja, akavuta. Plastiki ni ngumu. Unyoya ukigusa upinde au mkono wa mpigaji hujilaza, ukapita, ukasimama tena. Plastiki iligonga, mshale ukaruka pembeni, ukapita dirisha la jikoni na kuangusha chupa ya samli niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya pilau la harusi. Samli ilienea sakafuni mpaka chini ya kabati. Baba mkwe aliamka kwa kishindo kile, akautazama mshale, akang'oa vile vipande vya chupa na kumrudishia mwanawe mkononi bila neno.

Usiku huo mume wangu alileta wazo lake wakati wa chakula. Alikuwa amesikia kwamba Wakamba, na Wawaata wale waliowinda tembo Tsavo kwa pinde nzito ajabu, walipenda manyoya ya tumbusi. Ni marefu, ni magumu, yanastahimili. Baba mkwe alikubali kwamba hayana mfano. Mimi nilisema hapana, na nilisema kabla sijafikiri kama ni zamu yangu kusema. Unyoya wa ndege wa porini ni nyara ya serikali kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, huwezi kuuweka nyumbani bila kibali. Hilo peke yake lingetosha. Lakini pia tumbusi wanaisha. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sababu kubwa ni sumu. Mtu anatia sumu kwenye mzoga ili amwue simba au fisi, na tumbusi hushuka kwa makundi kwenye mzoga mmoja. Mwaka 2019 zaidi ya 500 walikufa Botswana kwa tukio moja la namna hiyo. Wengine huuawa kwa ajili ya uganga, mtu akiamini kichwa cha tumbusi kitamfunulia yajayo. Sikutaka mwanangu asimame mbele ya shule akiwa amebeba unyoya wa ndege huyo na watoto wenzake wautamani. Mume wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Mama yenu amesema kweli."

Tukazungumza habari za kanga. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi huyatumia manyoya ya kanga, na pale mtaani yupo anayewafuga. Baba mkwe alikwenda kuwatazama, akarudi akisema ni mazuri kwa mshale mwepesi, ila yake ni mawano ya mkole, mazito, yanataka unyoya mpana zaidi. Mwanangu naye alikuwa amesoma mahali kwamba mfalme Henry wa Tano wa Uingereza mwaka 1417 aliamuru kila bata bukini katika majimbo mengi atolewe manyoya sita kwa ajili ya mishale ya jeshi lake. Wazo zuri, lakini bata bukini hatuna. Na hapo, nasimuliwa, baba mkwe aligeuza shingo akatazama bandani.

Bata mzinga ndiye ndege ambaye wapiga upinde wa jadi wengi duniani humchagua leo. Manyoya yake ya bawa ni mapana, yana uti imara, na hayachoki upesi. Mwishoni mwa kila bawa anayo makuu 10. Mishale sita, kila mmoja manyoya matatu, ni vipande 18, na unyoya mrefu wa bata dume aliyelishwa vizuri unatoa vipande viwili. Tisa yanatosha, la kumi la akiba. Hesabu hiyo baba mkwe aliifanya kichwani, akachukua mkasi, akamwita mjukuu wake wa kike mwenye mikono mitulivu.

Sasa lile lililowatisha majirani. Unyoya wa bawa la kulia umejikunja upande wake, na wa kushoto upande wake. Ukiyachanganya kwenye mshale mmoja, huu unauzungusha mshale huku na ule unauzungusha kule, na mshale unakwenda ukigombana na nafsi yake. Ukichagua la kulia, chagua la kulia mpaka mwisho. La kushoto vilevile. Mshale haujali ni lipi, unajali yawe ya upande mmoja. Ndiyo sababu bawa moja liliguswa na la pili likaachwa. Wala hakumng'oa hata unyoya mmoja. Alikata, na kukata unyoya uliokomaa ni kama kukata kucha.

Lakini pale uwanjani nani angejua hayo? Mama mkwe alikuwa ameshajifunga leso ya pili kiunoni na kumtuma mtu ng'ambo ya mto kwa mganga. Wifi yangu alikuwa amejifungia chumbani akilia, kwa kuwa bibi jirani alimwambia ndoa yake itatembea kama yule bata. Nilitamani kusema, lakini mkwe hamsemei mkwe mwenziwe mbele ya watu. Nikamtuma binti yangu kwa babu yake na neno moja: mganga ameitwa.

Baba mkwe alitoka na mshale mmoja uliokamilika. Ulikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni wa kwetu. Manyoya matatu ya kahawia yenye michirizi yaliachana kwa nafasi sawa. Moja lilisimama kutazama nje, mbali na upinde, ili yale mawili yapite ubavuni bila kugonga. Mbele na nyuma yalikazwa kwa nyuzi za katani zilizochambuliwa nyembamba, na uzi mwingine ukapita katikati ya nywele za unyoya kwa mzunguko mrefu bila kuzivunja. Nikiutazama nilifikiri juu ya safari zake. Mkole ni wa hapa. Bata mzinga asili yake Meksiko. Mkonge nao asili yake ni huko, ukaletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 kupitia Florida, ikapona miche 62 tu, na kwa ajili ya miche hiyo baba mkwe akatolewa Tabora.

"Mzigua," akamwita mkewe, kama anavyomwita tangu ujana kwa utani wa makabila yao, "mchawi wako huyu hapa. Mwambie mganga arudi kwake."

Mama mkwe aliupokea mshale. Aliugeuza, akapitisha kidole juu ya manyoya kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Bibi jirani alikuwa wa kwanza kucheka, na kicheko chake kikamtoa wifi chumbani. Mama mkwe hakucheka.

"Kazi nzuri," alisema. "Na mbuzi wako yule mweupe atakwenda Handeni."

Baba mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Mbuzi yule alikuwa amemweka kwa ajili ya ada ya mjukuu na kwa ajili ya kumtazama tu jioni. Akatikisa kichwa kukubali. Mbuzi alikwenda, akapokelewa kwa vigelegele, na bata akabaki nyumbani akijifunza kutembea na bawa lake fupi mpaka manyoya yatakapobadilika yenyewe.

Siku ya mchezo waliweka gunia lililojazwa makapi ya mkonge mwisho wa uwanja wa shule, hakuna mtu nyuma yake. Mwanangu alivuta na kuachia. Mshale ulikwenda ukizunguka, ukagonga gunia katikati, na wa pili karibu na ule wa kwanza. Baba mkwe alikuwa amekaa chini ya mwembe na wazee wenzake, akimweleza aliyekuwa karibu naye ni bawa gani.

Wiki iliyofuata mwalimu alimtuma mtoto na salamu: shule jirani imeona, inaomba mishale sita. Mama mkwe alisikia kabla ya mumewe, akamjibu mtoto pale pale mlangoni kwamba mishale itapatikana, ila shule ilete bata wake, na bata huyo atahesabiwa manyoya akiingia na akitoka.